Wavunjaji wa Programu ya Mwinshehe

Niseme mapema nisije nikalaumiwa baadaye: Mwinshehe ni mtumwa wangu. Yeye atakwambia kwamba mimi ndiye mtumwa wake. Usimsikilize. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, jina langu Kalunde, na utani kati ya makabila yetu ulikuwapo kabla babu zetu hawajavaa viatu. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkweo. Anaruhusiwa kuingia jikoni kwako akafunua sufuria, na hata kuja kwenye msiba wenu akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na ukikasirika aibu ni yako. Kuna jambo moja tu ambalo mtani hafanyi: kukubali kwamba yeye ndiye mtumwa. Mwinshehe na mimi tulikuwa majirani wa mlango kwa mlango Temeke Mikoroshini kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna kati yetu aliyewahi kulitamka.

Basi mwaka 1994 shirika alilokuwa akifanya kazi Mwinshehe lilifungwa, kama yalivyofungwa mengi wakati ule. Wenzake walichukua viti na makabati, yeye akachukua kompyuta. Aliiweka juu ya meza ya kulia chakula, na kuanzia siku hiyo mkewe, Mwanakombo, na watoto wakawa wanakula mkekani. Kwa miaka miwili mwanamume huyo alikaa mbele ya kile kioo akitengeneza programu ya kutunza kadi za wagonjwa. Ukiandika jina la mtu, kompyuta inakuonyesha lini alikuja, aliumwa nini na alipewa dawa gani. Ikifanya kazi vizuri alikuwa anacheka peke yake, na mimi nilikuwa namsikia kupitia ukutani, namwambia Mzaramo ameshapata mapepo.

Mteja alimpata mmoja: Daktari Kamugisha, mwenye zahanati yake Sinza. Kadi za wagonjwa wake zilikuwa zimejaa kwenye maboksi ya sabuni mpaka chini ya kitanda cha kupimia. Kompyuta alishaletewa na mdogo wake aliyeko ng'ambo, ila ilikuwa haina kazi, imefunikwa kitambaa. Alimsikiliza Mwinshehe mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kijana, mimi sichukui kitu ambacho hakijajaribiwa kuvunjwa. Tafuta watu ishirini wasiojua kompyuta. Waichezee, waandike kila kosa watakaloliona. Baada ya wiki tatu uniletee karatasi ya makosa na programu iliyorekebishwa. Karatasi ikiwa nyeupe, usijisumbue kuja."

Wiki tatu hizo zilikuwa na uzito wake. Mwinjuma, kaka yake Mwinshehe, alikuwa na kiwanda cha mbao Buguruni na alikuwa akimngoja akapokee mbao. Mwinshehe alikwishampa mkewe neno lake: daktari akikataa, kompyuta inauzwa, na yeye anakwenda kwenye mbao. Mwanakombo hakuwa mkorofi. Alikuwa amechoka kula mkekani.

Tangazo nililiandika mimi mwenyewe, maana nilikuwa karani wa shule ya sekondari na taipu ya ofisi naijua kama mkono wangu. Mwinshehe aliniambia maneno ya kuandika, nami nikayaandika kama alivyosema: WANAHITAJIKA WATU ISHIRINI WA KUJARIBU PROGRAMU YA KOMPYUTA. UZOEFU HAUHITAJIKI. Tukabandika moja sokoni, moja kwa fundi redio na moja kwenye ukuta wa saluni.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na watu sitini na kitu nje ya nyumba yetu. Wote walikuwa wamevaa vizuri. Walishika bahasha zenye vyeti, picha ndogo nne nne na barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Mmoja, kijana anaitwa Brightson kutoka Kiwalani, alikuwa amevaa tai na koti la suti kwenye jua lile, na alipomwona Mwinshehe anatoka na kanga kiunoni akamsalimia, "Shikamoo mkurugenzi."

Ilimchukua Mwinshehe saa nzima kuwaeleza kwamba hakuna ajira. Wengi waliondoka wakisonya. Walibaki ishirini na wawili, na nadhani walibaki kwa sababu Mwanakombo alikuwa ameshaanza kumimina chai.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtumwa wangu ana akili nyingi za kompyuta na kidogo sana za watu. Alimkalisha kila mmoja mbele ya kioo, akampa karatasi iliyoandikwa MAKOSA kwa juu, kisha yeye mwenyewe akasimama nyuma ya kiti mikono kifuani, akimwangalia. Sasa wewe niambie. Umekuja nyumbani kwa mtu, umekunywa chai yake, mkewe kakukaribisha, watoto wamekuamkia. Mwenye nyumba amesimama nyuma yako anakuuliza kazi yake ya miaka miwili ina kasoro gani. Utasema nini?

Walisema nzuri. Wote. "Hongera kaka, nzuri sana." "Mashallah, Mungu akuzidishie." Mama mmoja alibonyeza kitufe kimoja, kioo kikalia ping, akainuka akasema amesharidhika. Brightson alikaa nusu saa, akashukuru kwa nafasi aliyopewa, akaondoka baada ya kuandika kwenye karatasi yake kwa mwandiko mzuri: "Sijaona kosa lolote. Niko tayari kuanza kazi wakati wowote." Katika karatasi ishirini na mbili lilipatikana kosa moja, nalo lilikuwa kwamba chai haikuwa na tangawizi.

Jioni nilimkuta amekaa barazani na zile karatasi mapajani. Hakunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kumi na nane zimebaki, Kalunde," akasema. "Siku kumi na nane, halafu naenda kwenye mbao."

"Hebu nipishe," nikasema. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika jina langu kwa kasi ile ya ofisini. Kioo kikasimama. Nikabonyeza tena, kimya. Kwenye kona kulikuwa na neno moja la Kiingereza linapepesa.

"Mzaramo wewe!" nikapiga kelele. "Miaka miwili umekalia makalio kutengeneza kitu kinachozimia mtu akiandika haraka? Mie nilidhani ni programu, kumbe ni mgonjwa wa kwanza!"

Mwinshehe alikuja mbio. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua kalamu, akaandika: Kosa la kwanza, ikiandikwa haraka inazimia.

Sijui ni nani kati yetu aliyewaza kwanza. Yeye anasema ni yeye, lakini tumeshakubaliana usimsikilize. Kama kuna watu duniani ambao wanaweza kuingia nyumbani kwa Mzaramo, wakanywa chai yake, wakala na sahani ya pili, kisha wakamwambia mbele ya mkewe kwamba kazi yake ni takataka, watu hao ni Wanyamwezi, na Temeke walikuwa wamejaa. Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba. Sikubandika tangazo lolote. Niliwaambia tu, "Kuna Mzaramo kule kwetu anajiona ana akili."

Jumapili walikuja kumi na tisa. Aliyetangulia ni Mzee Maganga, gadi mstaafu wa reli, na nyuma yake mabinti zake mapacha, Kulwa na Doto, wamebeba beseni la karanga. Mzee Maganga hakubisha hodi. Alisimama katikati ya sebule, akatazama kompyuta, akauliza, "Ndiyo hii? Mie nilidhani umenunua friji."

"Shikamoo, Mzee Maganga," Mwinshehe akasema.

"Marahaba, mtumwa wangu. Sogea."

Aliandika jina lake kwa kidole kimoja: Maganga. Programu ikamdai jina la baba na la babu, ikakataa kuendelea. "Baba yangu hajaugua, naumwa mie," akasema. "Unamtakia nini?" Ikamdai tarehe ya kuzaliwa. Akaandika: mwaka wa nzige. Ikakataa. Akarudia kwa herufi kubwa. Mwinshehe akawa anaandika makosa harakaharaka, jasho linamtoka, anacheka.

Zamu ya Kulwa na Doto ilipofika ndipo mambo yalipochacha. Mwinshehe alikuwa ameona kwenye zahanati kwamba watu wakipoteza kadi hujiandikisha mara mbili, kwa hiyo aliifundisha programu yake kwamba ikiona watu wawili wenye baba mmoja, nyumba moja na siku moja ya kuzaliwa, imfute mmoja bila kuuliza. Kulwa akaandikishwa vizuri. Doto alipomaliza kuandikishwa, programu ikamfuta. Wakamwandika tena, ikamfuta tena.

"Imemuua Doto!" Mzee Maganga akatangaza mpaka nje.

Doto mwenyewe alikuwa amekaa pale anatafuna karanga. "Jamani mie nipo!"

"Nyamaza, wewe ni marehemu. Kompyuta imesema." Na wale Wanyamwezi wote wakaanza kumlilia Doto, kilio cha msiba kabisa, huku wakimdai Mwinshehe ubani. Mwanakombo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nilikuwa sijamwona akicheka nyumbani kwake mwaka mzima. Mtu mwingine akaweka beseni la karanga juu ya kibodi ili apate mikono ya kushikia mbavu, na programu ikazimia mara ya nne. Kosa la thelathini na moja: haiwezi kubeba karanga.

Wiki iliyofuata Mwinshehe alirekebisha yote, na kwa kuwa naye ana mdomo, akalipiza. Mwanzoni ukikosea programu ilikuwa inasema, "Ingizo si sahihi, tafadhali rudia." Aliyaondoa maneno hayo, akaweka yake, ya kutukumbusha upagazi wa babu zetu. Jumapili ya pili watani walipokuja na mmoja akaacha nafasi ya jina wazi, kioo kikaandika: MZIGO ULIUBEBA TOKA TABORA, JINA UKALISAHAU? RUDI UKALICHUKUE. Mtu akiandika herufi mahali pa umri: HESABU KARANGA KWANZA, MTUMWA WANGU, HALAFU UJE.

Hapo sikuhitaji tena kumwita mtu. Walijaa mpaka barazani. Kila mmoja alitaka atukanwe yeye, na lile tusi ambalo mwenzake hajaliona, na ili utukanwe lazima ukosee, na ukosee kwa namna mpya. Walikosea kwa bidii. Waliandika majina kinyumenyume, wakajizalisha tarehe thelathini Februari, wakajaza umri wa miaka mia nne. Mzee Maganga alishinda pale tangu asubuhi mpaka alasiri. Kufikia Ijumaa, karatasi ya makosa ilikuwa na makosa mia moja na kumi na mawili, na lililorekebishwa la mwisho lilikuwa la mia moja na kumi na mawili.

Sasa nifike mahali ambapo sijisifii.

Mwinshehe alitengeneza disketi mbili. Moja ilikuwa na matusi, akaiandika KULWA. Nyingine aliirudishia maneno ya adabu kwa ajili ya daktari, akaiandika DOTO. Jumamosi asubuhi, siku ya kwenda Sinza, disketi zote mbili zilikuwa mezani, na yeye yuko uani anaoga. Mimi nilikuwa nimeombwa niende naye kwa sababu ya kasi yangu ya kuandika. Nilijaribu ile ya adabu kidogo. Ingizo si sahihi, tafadhali rudia. Ilinitia hasira, nakwambia kweli. Watu kumi na tisa wameipa roho ile programu, yeye kaitoa roho ili imfurahishe daktari. Nikabandua lebo mbili, nikazibadilisha. Nilicheka mwenyewe kama mwizi wa kuku. Nilijisemea ni utani, na mtani haulizwi.

Tulipofika zahanati nilikuta Daktari Kamugisha amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama. Miwani iko puani. Amewaita mhasibu wake na mama wa mapokezi, Demetria, mtu mzima mwenye uso wa kutochezewa. Viti vimepangwa. Karatasi ya makosa akaisoma yote, mstari kwa mstari, hakutabasamu hata kwenye lile la karanga. Nikamtazama Mwinshehe: alikuwa amevaa shati lake la harusi. Hapo ndipo akili iliponirudia. Daktari ni Mhaya. Mhaya na Mzaramo hawana utani. Nilikuwa nimechezea mkate wa mtu na meza ya kulia ya Mwanakombo. Nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Disketi ilikuwa imeshaingia.

"Nitajiandikisha mwenyewe," akasema daktari. Akaandika jina, vizuri. La baba, vizuri. Mwaka wa kuzaliwa alitaka kuandika 1946, kidole kikateleza kwenye kitufe cha jirani, akaandika 2946.

Kioo kikajibu: BADO HUJAZALIWA, MTUMWA WANGU. RUDI TUMBONI USUBIRI ZAMU YAKO.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. "Anayeitwa mtumwa hapa," akauliza taratibu, "ni nani?"

Mwinshehe alisimama. Uso umembadilika rangi. "Daktari, naomba radhi. Nimechanganya disketi. Ile nyingine... mie nilikuwa na..." Niliona mbao za Buguruni zikimpita machoni. Na mimi, Kalunde mwenye mdomo mpana kuliko wote Temeke, nilikaa kimya kama gunia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Kicheko kilitoka nyuma. Demetria alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Alipoweza kuongea akasema, "Daktari, samahani. Hebu acha jina wazi, tuone inasemaje."

Daktari akamtazama. Akatazama kioo. Kidole chake kikakaa hewani kidogo, halafu akafuta jina, akabonyeza.

MZIGO ULIUBEBA TOKA TABORA, JINA UKALISAHAU?

"Mimi si wa Tabora," daktari akakiambia kioo, kama anabishana na mtu. Akaandika umri kwa herufi. Akatukanwa. Akaandika tarehe thelathini na mbili. Akatukanwa. Akavuta kiti mbele. Mhasibu akasema jaribu kuweka namba kwenye jina, akajaribu. Demetria akasema bonyeza vyote kwa pamoja, akalaza kiganja kizima kwenye kibodi. Wagonjwa mapokezini walikuwa wanachungulia mlangoni. Yule mzee alikosea kwa muda wa dakika arobaini, kwa uangalifu wa mtu anayepasua mgonjwa, na kila kosa alilolifanya, Mnyamwezi mmoja kule Temeke alikuwa ameshalifanya kabla yake. Programu haikuzimia hata mara moja.

Mwishowe akaegemea kiti. "Nimeshindwa kuivunja," akasema. "Jumatatu uje uiweke. Na hayo matusi yatoke."

"Daktari!" Demetria akalalamika.

Akafikiri. "Yatoke nikiandika mimi. Wakiandika wa mapokezi yabaki, labda wataacha kulala. Ila hilo neno mtumwa uliondoe."

Njia nzima ya kurudi Mwinshehe alikuwa akijipiga kofi kwenye paji la uso. "Nimechanganyaje disketi, Kalunde? Mie sijawahigi kuchanganya kitu!" Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nikamwambia, "Kwa sababu wewe ni Mzaramo, hata lebo ulizoandika mwenyewe huwezi kuzisoma." Jioni ile Mwanakombo alitandika kitambaa kwenye meza, na nilipopita mlangoni niliwaona wamekaa wote kwenye viti, watoto wananing'iniza miguu. Niliingia kwangu nikafunga mlango. Sikujisikia vizuri.

Miezi minne baadaye nilikwenda Sinza kwenye sherehe ya binamu yangu, malaria ikanishika huko huko. Walinipeleka zahanati ya karibu, na ya karibu ilikuwa ya Daktari Kamugisha. Demetria alinikaribisha kwa furaha, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika jina langu. Halafu akaacha kuandika. Akasoma. Akanitazama mimi, akasoma tena, mabega yakaanza kuruka kama siku ile.

"Kuna nini?" nikauliza. "Imeniua?"

Akakigeuza kioo upande wangu.

KALUNDE WA TEMEKE. HUYU NDIYE ALIYEBADILISHA LEBO. MIE HUWA NABANDIKA LEBO KWA GUNDI, YEYE KAZIRUDISHA KWA MATE. NILIJUA TOKA SINZA, LEBO ILIPOBANDUKA KWENYE DISKETI. AKIJA KWENU AMEUGUA ACHENI VIDONGE, MDUNGENI SINDANO, TENA ILE KUBWA. HALAFU MWAMBIENI ASANTE. NI MIE, MTUMWA WAKE, MWINSHEHE.

Nilisoma mstari wa mwisho mara tatu. Homa ilikuwa kali, lakini machozi yale hayakuwa ya homa.

"Mtumwa wake?" Demetria akauliza. "Si daktari alimwambia alitoe hilo neno?"

"Liache," nikamwambia. "Lete hiyo sindano."